Mkalimani Aliyekata Sentensi

Kwa miaka yote niliyomfahamu, mkalimani wetu alikuwa akiungama makosa ya watu wengine. Aliwahi kuiba mbuzi, kuchoma kibanda cha shemeji, kumkana mtoto na kuuza shamba lisilo lake, yote kwa kinywa chake mwenyewe, akiwa amesimama wima mbele ya hakimu, kofia yake nyeupe ameibana kwapani. Kazi ndivyo ilivyotaka. Mshtakiwa akisema kwa Kiswahili "niliiba," yeye anasema kwa Kirundi "niliiba," wala haongezi "huyu anasema ameiba." Siku moja mama mmoja kutoka milimani alichelewa kuingia, akamsikia akikiri kwamba alimpiga mkewe kwa mwiko wa ugali. Mama yule alimngoja mlangoni ili amweleze ana roho mbaya kiasi gani. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia murakoze, yaani asante, akaenda zake kunywa chai.

Mimi nilikuwa na sekretariya mkabala na mahakama alimofanyia kazi, yaani chumba cha kuchapa barua za watu: kompyuta moja, mashine ya fotokopi yenye tabia ya kutafuna karatasi, na benchi la wateja. Nyumbani kwangu ni Rumonge, lakini sitasema mahakama ilikuwa mji gani. Ufukwe wetu wa ziwa, huku upande wa Warundi, ni mrefu, na sitaki kugombana na mtu kwa uzee huu.

Jambo la kuchekesha ni kwamba mtu huyu aliyesema "mimi" kwa niaba ya dunia nzima hakuwa anasema "mimi" kwa niaba yake. Alijiita "mtu." Mtu amechoka. Mtu hapendi dagaa zenye mchanga. Akirudi nyumbani saa saba mchana husimama kizingitini na kutangaza, "Mtu ana njaa," na mkewe hujibu toka jikoni, "Mwambie huyo mtu anawe mikono, na wewe uje naye." Nilipomuuliza kisa cha mazoea hayo aliniambia kwamba ukishatumia neno moja kwa wezi na wazinzi siku nzima, hulirudishi nyumbani kwa watoto. Nilidhani anatania, kumbe hakuwa anatania hata kidogo.

Kiswahili chake kilikuwa cha kupigiwa pasi. Alikipata madrasa na kwenye redio, na alikilinda kwa wivu. Nikichapa barua ya mteja kama mteja alivyosema, "mutoto wangu iko mugonjwa," alikuwa akisoma juu ya bega langu na kunguruma. "Iko nini? Mtoto wangu ni mgonjwa! Unaandika kama mtu anayetafuna muhogo." Lakini mwite ghafla, mpotezee miwani, utamsikia akizunguka uani: "Nani iko na miwani yangu? Nani iko nayo?" Nilikuwa nikimkumbusha hayo kila nafasi niliyoipata. Sokoni alipatana bei kwa Kirundi, alijisifu kwa Kiswahili, na akishindwa ugomvi alitoka kwa Kifaransa.

Aliwahurumia mashahidi. Asubuhi ya kesi aliwakuta kwenye ngazi, watu waliotembea toka usiku wa manane wakiogopa hata kukohoa, akawaonyesha choo kilipo, akawaambia hakimu akiinamisha kichwa maana yake anaandika, hajakasirika. Ijumaa baada ya swala alipeleka sabuni kwa mahabusu. Hakumwambia mtu, na mimi nilijua tu kwa sababu nilimuona dukani akinunua mche mzima kila wiki, na mtu mmoja hawezi kuwa msafi kiasi hicho.

Na alikuwa na donda lake. Huku kwetu watu wa milimani wakitaka kusema mtu ni mjanja asiyeaminika, humwita Mswahili. Yeye alizaliwa katika mtaa wa Waswahili, kama baba yake, na bado kuna waliomuuliza kwao ni wapi hasa. Mara moja wakili alisimama katikati ya kesi na kumwambia shahidi asimletee Uswahili. Mkalimani aliitafsiri sentensi hiyo kwa utulivu, neno kwa neno, bila kupepesa jicho. Tangu siku hiyo hakumpa wakili yule mkono, hata kwenye mazishi.

Ndiyo maana nilishindwa kumwelewa kuhusu Wakongomani. Mtu aliyejua jinsi inavyouma kuulizwa kwenu wapi, angekuwa wa kwanza kuwafungulia mlango hawa wanaovuka kutoka Fizi na Uvira kila vita inapowachoka au wao wanapoichoka. Yeye aliwafungulia, ndiyo, aliwapa hata magodoro. Ila Kiswahili chao alikuwa akikicheka. Alisema ni Kiswahili kilichodondoka ziwani wakati wa kuvuka na hakijakauka. Akimsikia Mkongomani akisema "fasi" badala ya mahali, alifumba macho kama aliyeng'atwa na mdudu. Tulicheka naye, na mimi nilicheka zaidi ya wengine.

Sasa nifike kwa Eliya, kwa sababu bila Eliya nisingekuwa na haja ya kumwandika mzee huyu.

Eliya alikuwa fundi wa nyavu kule Minago. Alivuka miaka kadhaa iliyopita, na kijiji chake upande wa pili kilishachomwa, kwa hiyo hakuwa na pa kurudi. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, mtu wa maneno machache, mwenye vidole virefu vilivyoweza kuziba tundu la wavu huku macho yakiangalia pengine. Mwaka ule dagaa walipungua. Watu walianza kusema Wanyekongo, yaani hawa Wakongomani, ndio wanaovua mpaka mayai, Wanyekongo wametuletea vita nyuma yao, Wanyekongo wamezidi. Nililisikia hata kwenye benchi langu, likisemwa na watu wazima wenye akili zao.

Mchana mmoja, jua likiwa utosini na dagaa zimeanikwa, vijana wanne walifika pale mafundi wa nyavu wanapokaa. Walisema wazi walichofuata. Walimwambia Eliya na wenzake wawili, "Munyekongo, rudi kwenu," wakawazunguka, wakaanza kupiga. Wale wawili walipona na michubuko. Eliya waliukanyaga mkono wake wa kulia juu ya jiwe mpaka vidole viwili vikavunjika. Vijana walikuja kudai kwamba yeye ndiye aliyeanza, kwamba alitaka kuwachoma na sindano ya nyavu, ambayo ni kipande cha mti chenye ncha butu kama kijiko.

Ufukwe uligawanyika. Wanawake wanaoanika dagaa kuanzia Gitaza hadi Minago waliapa kutonunua hata kopo moja kutoka mtumbwi wa mjomba wa vijana wale, na wakatimiza. Wengine walitumiana picha ya simu iliyopigwa siku ile, wakiweka vicheko chini yake. Makanisani waliombea amani bila kumtaja mtu. Na kulikuwa na kundi kubwa, lenye adabu, lililosema kwa sauti ya chini kwamba lazima kuna jambo alilifanya, mtu hapigwi bure. Mimi nilikuwa katika kundi hilo. Naona haya kuliandika, lakini nilikuwemo.

Siku ya kesi madirisha ya mahakama yalijaa vichwa. Vijana wanne waliulizwa ni watoto wa nani, wakajibu, wakaruhusiwa kukaa. Eliya aliulizwa karatasi za ukaaji kabla hajaulizwa za hospitali, na alisimama saa nzima na bandeji yake. Hakimu alimtaja kwa neno "uyu Munyekongo," huyu Mkongomani, ingawa jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye faili mbele yake. Mkalimani alitafsiri kila kitu kwa ile sauti yake iliyojaza chumba.

Kisha hakimu aliuliza, "Walipokwambia uondoke, mbona hukuondoka?"

Eliya alijibu kwa sauti ndogo. "Nilikosa..." Akameza mate. "Nilikosa fasi ya kupita. Balikuwa banatuzunguka."

Hapa lazima nieleze, kwa ajili ya msomaji wa mbali. Kwa Kiswahili mtu anakosa anapofanya kosa, na pia anakosa anapotafuta kitu asikipate: anakosa nauli, anakosa usingizi, anakosa njia. Kwa Kirundi *gukosa* ni kufanya kosa, basi. Kwa hiyo Warundi waliojaa chumbani waliposikia "nilikosa," walidhani wameelewa bila mkalimani. Kicheko kilianza hapo hapo, kabla Eliya hajamaliza. Na katikati ya kicheko mkalimani akasema, wazi kabisa, "Narakosheje." Nilifanya kosa.

Chumba kililipuka. Hakimu aliinamisha kichwa, karani akaandika, na maneno yaliyobaki ya Eliya yakazama kwenye kelele.

Hukumu ilisema pande zote mbili zilikosea, kwamba ulikuwa ugomvi wa kawaida wa ufukweni na mlalamikaji mwenyewe amekiri. Vijana walionywa, wakaenda nyumbani wakipigiwa makofi na baadhi na kuzomewa na wengine. Kamati ya ufukwe ikamwambia Eliya kwamba mgeni aliyekiri fujo mahakamani hawezi kubaki na nafasi pale. Alipewa mpaka mwisho wa msimu aondoke.

Alikuja kwangu kutoa nakala ya hukumu. Hakujua kusoma Kirundi, akaniomba nimsomee. Nilipofika kwenye lile neno nikamweleza maana yake.

"Nani alisema vile?" aliuliza.

"Imeandikwa ni wewe."

"Miye?" Aliutazama mkono wake, si karatasi. "Miye nilisema nilikosa fasi, ndugu yangu. Fasi ya kupita."

Nilielewa papo hapo. Mtu yeyote wa ufukwe huu angeelewa. Nilimwambia akate rufaa, nikampa nakala yake na tukaagana, na sikusema neno kwa mtu kwa siku tano. Makarani wa mahakama ndio walionitumia wateja. Mkate wangu ulitoka mlango ule wa upande wa pili wa barabara, na niliuona mkate kabla ya kuuona mkono wa Eliya. Hilo halina maelezo mazuri.

Siku ya sita nilimwendea mzee nyumbani kwake. Alikuwa anapiga kanzu pasi ya mkaa. Nilimweleza taratibu, kwa heshima zote, na alinisikiliza akiwa amenyanyua pasi juu.

"Mtu amelijua neno hilo kabla wewe hujazaliwa," alisema. "Mtu hajawahi kukosea mahakamani. Mwulize hakimu yeyote."

"Muzehe, sisemi hulijui. Nasema sentensi iliendelea."

"Toka."

Nilitoka bila viatu kwa haraka. Alinirushia nje kimoja baada ya kingine, na cha pili kikampata kuku. Mkewe alisimama jikoni akimwangalia.

Siku mbili baadaye mzee alikuja sekretariya, akakaa kwenye benchi mpaka wateja wakaisha. Alikuwa hajanyoa ndevu.

"Mtu alisikia yote," alisema.

"Yote nini?"

"Sentensi yote. Fasi. Kuzungukwa. Mtu alisikia." Alikuwa akiongea na sakafu. "Lakini watu walikuwa wanacheka, na hakimu alishainamisha kichwa. Na moyoni nikasema, ah, hawa na fasi yao. Nikaona inatosha."

Nilitambua kwamba ametumia "nikasema" bila "mtu," lakini sikumwambia. Aliendelea kwamba katika chumba kile aliyeanza kumhukumu Eliya hakuwa hakimu. Lilikuwa sikio lake yeye, miaka mingi kabla, kila alipochekesha watu kwa Kiswahili kilicholowa. Nilitaka kumwambia kwamba hata vicheko vyangu vilimsaidia, na kwa kuwa nilitaka kumwambia, nilimwambia. Alitikisa kichwa kukubali, na nilikuwa nimetarajia anikatalie.

Aliniomba nichape barua ya kwenda mahakama ya juu, iambatane na rufaa ya Eliya. Alitamka, mimi nikachapa. "Mtu alitafsiri nusu ya jibu..."

Niliondoa mikono kwenye kompyuta. "Muzehe, mahakama haijui 'mtu' ni nani. Nani alitafsiri?"

Aliigeuza kofia yake mkononi. "Andika mkalimani."

Niliandika mkalimani. Tulizunguka barua nzima kwa jina hilo, akaweka sahihi yenye mikia mirefu, akaniachia nauli ya kuipeleka, nami nikamrudishia.

Mahakama ya juu ilimwita kama shahidi. Hakimu alikuwa mama mwenye miwani, asiyeinua sauti. Kwenye kiti cha mkalimani alikaa binti mdogo wa chuo. Eliya alikuwa mstari wa mbele, na safari hii alipewa kiti. Nje madirishani walikuwa watu wale wale, tuliowapenda na tusiowapenda, na wanawake wa dagaa na kanga zao zenye magamba ya samaki.

"Mzee, eleza," alisema hakimu kwa Kirundi.

"Mkalimani alikata jibu la mlalamikaji," alijibu. "Alisema amekiri kosa. Mlalamikaji alisema hakupata njia ya kupita."

"Mkalimani huyo yuko wapi?"

Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Niliona kofia ikisogea kwapani. Ile sauti iliyojaza vyumba, iliyokiri mbuzi na moto na mwiko wa ugali, ilitoka ndogo kiasi kwamba karani alinyanyua kichwa kumwomba arudie.

"Ni jewe," alisema. Ni mimi. "Ni jewe nakosheje."

Dirishani mtu alipiga kelele kwamba basi na yeye ni Mkongomani. Wachache walicheka. Mwanamke mmoja wa dagaa aligeuka akamwambia mpiga kelele jambo ambalo sitaliandika, na dirisha likatulia.

Baada ya hapo mahakama yetu haikumwita tena. Hakuna aliyemfukuza, waliacha tu kumtuma mtu kumfuata. Baadhi ya wazee wa mtaa walihama benchi alipokaa, wakisema ameuza jina la Waswahili kwa ajili ya wageni. Wengine walileta sukari na mchele kama kwenye msiba. Mkewe aliniambia, huku akicheka na kufuta macho, kwamba mume wake siku hizi akirudi anasema "nina njaa" kama binadamu wengine, na kwamba inamchukua muda kumzoea.

Nilimuuliza mzee kama amekwenda kumwomba Eliya radhi.

"Sijaenda. Nikiomba, atalazimika kunipa. Kwaya nzima itamwangalia. Sitaki kumlazimisha tena kusema neno ambalo si lake."

Nilimuona mzee mara ya mwisho akiwa na nguvu zake siku hukumu ya rufaa ilipotoka. Ilisomwa haraka, katika kundi la hukumu nyingine, na Eliya akaondoka na karatasi bila kuelewa. Karani wa mahakama yetu alikuwa ameniletea nakala yake niitoe fotokopi asubuhi ile ile, nikaisoma, na nikafunga sekretariya nikakimbilia kwa mzee kumpa habari. Kosa lilikuwa limeondolewa kwa Eliya. Nafasi yake ufukweni ilibaki yake. Vijana wanne walihukumiwa, ingawa kwa maoni yangu adhabu ilikuwa ndogo kuliko vidole viwili. Sikuwa nimekaa vizuri, wala sijafungua kinywa, geti likagongwa.

Ni Eliya. Alikuwa amepanda pikipiki toka Minago, vumbi mpaka kwenye nyusi, na bahasha ameishika kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya kulia vilibaki vimenyooka. Yeye na mzee hawakuwa wamesemezana tangu mwanzo wa mambo haya.

"Amahoro, papa," alimsalimia mzee kwa Kirundi.

"Amahoro, mwanangu." Mzee alisimama, akaona hana pa kuweka mikono yake, akakaa tena.

"Njiani batu batatu balinisimamisha," alisema Eliya. "Mumoja anasema nilishinda. Mumoja anasema nilishindwa. Mumoja anasema nipange mizigo."

"Eliya," nilianza, "mimi nimeisoma, ni hivi..."

Aliinua ule mkono mgonjwa kuninyamazisha, bila hasira. Kisha akamnyoshea mzee bahasha.

"Munisomee."

Mzee hakuipokea. "Mpe huyu, ana macho mazima. Ama nenda kwa yule binti wa mahakama, amesoma vizuri kuliko sisi sote."

"Bale banasoma mbio," Eliya alisema, "sababu habana woga. Miye nataka mwenye anaogopa."

Mkewe alitoka jikoni na kigoda, akamwekea Eliya, akarudi ndani. Mzee alifuta miwani kwa pindo la kanzu, akafungua bahasha, akaanza na maneno ya muhuri ambayo hakuna mtu huyasoma. Alisoma mstari kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, na kila alipomaliza mstari alinyamaza, akangoja Eliya amwambie aendelee.